Mnyororo wa Nyumba ya Hamzat

Mnyororo ulikuwa wa baridi.

Nurjan ndiye aliyegundua. Moto ulikuwa umewaka tangu alfajiri, kuni za msonobari zikipasuka na kurusha cheche, maziwa yakitokota ndani ya sufuria nyeusi iliyoning'inia juu ya meko. Na ule mnyororo ulioishikilia sufuria, ambao kwa haki ungemuunguza mtu mpaka mfupa, alipougusa kwa bahati mbaya aliurudisha mkono haraka kama aliyeshika jiwe la mtoni wakati wa theluji. Aliinama akauangalia vizuri. Kwenye kulabu, inchi chache juu ya ndimi za moto, palikuwa pamegandia barafu nyeupe kama unga.

"Baba Asiyat," alimwita mumewe, maana mwanamke wa kwao halitamki jina la mume hata nyumba ikiwaka. "Hebu njoo uushike huu."

Makhti alikuwa mlangoni akichonga mpini wa shoka. Hakuinua uso.

"Chuma cha milimani ndivyo kilivyo."

"Chuma gani kinakaa motoni kutwa kisipate moto?"

"Wewe pika, mama. Mtoto ataamka."

Nurjan alirudi kwenye maziwa yake. Makhti aliendelea kuchonga, lakini kisu kilikuwa kinapita hewani tu. Hakwenda kuushika ule mnyororo kwa sababu alishaushika, tena siku nyingi, na alijua ulivyo wa baridi. Alijua pia kwamba haukuwa wake.

Kijiji chao, Tashlikol, kilikuwa kimegandamana na mwamba kiasi kwamba mtu akisimama uani kwake anakuwa amesimama juu ya paa la jirani wa chini. Hata udongo wa vishamba vyake ulikuwa umepandishwa na mababu kwa vikapu, mgongo kwa mgongo, kutoka mtoni. Kisha ikaja ile asubuhi ya Machi, wakati wa vita, askari wa serikali wakapita mlango hadi mlango, watu wote wakatolewa nje, vizee na watoto, wakapakiwa kwenye malori na baadaye kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa Kazakhstan. Walikaa huko miaka kumi na mitatu. Waliporuhusiwa kurudi, wakubwa wa ofisi walitaka wakae bondeni, karibu na barabara. Makhti hakutaka bonde. Alimchukua mkewe aliyekuwa na mimba, na mama yake mzee Japarhan, akapanda nao mpaka juu.

Walikuta mapaa yamebomoka, boriti zimebebwa, hata mawe ya makaburini yameng'olewa. Bibi Japarhan, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, aliingia nyumbani kwake akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, akahesabu njia kwa miguu mpaka mekoni, akainua mkono mwingine juu pale unapokaa mnyororo. Mkono ulibaki hewani.

"Haupo," alisema.

"Wameiba kila kitu, mama. Nitatafuta mwingine."

"Mwingine ni mnyororo wa mtu mwingine. Mimi niliolewa chini ya ule. Mama mkwe wangu alinishika mkono akaniwekea juu yake, akaniambia sasa wewe ni wa hapa." Alikaa chini kwenye kifusi. "Nyumba bila mnyororo wa mekoni ni zizi, Makhti. Mjukuu wangu hazaliwi zizini."

Usiku ule mzee alikataa kula, na kesho yake pia. Ndipo Makhti aliposhuka ngazi ya chini, kwenye nyumba ya Hamzat.

Hamzat alikuwa ndugu yake wa kunyonya ziwa moja. Mama yake Hamzat aliugua baada ya kujifungua, na Japarhan akawanyonyesha watoto wawili, huyu kulia, yule kushoto. Hamzat alifia Kazakhstan majira yale ya baridi ya kwanza. Mkewe Bablina alimfuata. Katika nyumba yao kulikuwa hakujabaki mlango wala dirisha wala boriti nzima, lakini mnyororo ulikuwa unaning'inia mahali pake, mzima, hata kutu hauna. Makhti angejiuliza kwa nini wezi waliobeba mpaka mawe ya makaburi waliuacha huo. Hakujiuliza. Alipanda juu ya jiwe, akauchomoa, akausukumia ndani ya gunia.

"Nimeuchimbua kwenye kifusi chetu," alimwambia mama yake.

Bibi Japarhan aliupokea mapajani. Aliupitisha vidoleni pete moja moja, polepole, toka juu mpaka kwenye kulabu, kimya. Kisha akauweka shavuni.

"Alhamdulillahi," alisema.

Makhti alikusudia kumwambia ukweli kesho yake. Kesho ilipofika mama alikuwa anakula vizuri, anacheka, anamfundisha Nurjan jinsi ya kukanda mkate wa viazi na jibini. Akaahirisha. Asiyat akazaliwa chini ya mnyororo ule, mtoto wa kwanza kuzaliwa Tashlikol baada ya uhamisho, na baada ya hapo ukweli ukawa mzito zaidi kuusema.

*

Baada ya ile habari ya ubaridi ukaja mpulizo.

Kila alfajiri, kabla mtu hajaamka, mtu alikuwa anapuliza makaa. Phuuu. Anatulia. Phuuu. Ndivyo anavyopuliza mwanamke aliyepiga magoti mbele ya meko, anayetaka moto ushike kabla watoto hawajahisi baridi. Nurjan akiwa kitandani alidhani ni mama mkwe. Bibi Japarhan upande wake alidhani ni mkwewe, na moyoni akamsifu. Mpaka siku moja wakakutana mlangoni pa chumba cha meko, wote wawili wametoka kulala, wakati mpulizo bado unasikika ndani.

"Mama, si wewe?"

"Mimi? Si wewe, mwanangu?"

Walishikana mikono pale pale. Mpulizo ulikoma. Walipoingia, makaa yalikuwa mekundu, na majivu yaliyozunguka meko yalikuwa yamefagiliwa vizuri kwa vidole, mistari mirefu, myembamba. Chumba kizima kilinuka majivu yaliyoloa na sufu kuukuu, harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi.

"Ni Bibi wa Nyumba," alisema Japarhan kwa sauti ya chini. "Kila nyumba ya zamani ina wake. Mama mkwe wangu alikuwa akimwachia bakuli la mtindi."

"Jini?"

"Usimwite hivyo akiwa anasikia. Amefurahi tumerudi, basi."

Makhti alikuwa nyuma yao. Aliyasikia yote, na akahisi masikio yake yanawaka.

*

Alasiri moja ya Oktoba msichana aliyevaa koti la kazi na viatu vya mpira alipanda njia ya kijiji peke yake, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kutazama magofu, mpaka akafika mlangoni kwa Makhti.

"Ami Makhti?" aliuliza. "Mimi Kerimat. Kerimat wa Hamzat."

Makhti alibaki mlangoni, hakumpisha. Alijua kwamba mtoto mmoja wa Hamzat alibaki hai, akalelewa kwenye nyumba ya yatima, lakini alikuwa amejizoeza kutomfikiria. Bibi Japarhan ndiye aliyemsukuma kando akatoka, akamshika msichana uso kwa mikono miwili, akaupapasa.

"Hii pua ni ya Hamzat! Wallahi ni yake! Niliinyonyesha mimi pua hii, alikuwa ananisukuma nayo. Ingia, mwanangu, ingia. Nurjan! Leta mkate!"

Wakamkalisha mahali pa heshima, karibu na meko. Alikuwa fundi wa lipu mjini, alisema, anaishi bwenini na wasichana wengine. Aliposhushwa kutoka hapa alikuwa na miaka saba. Alikula mikate ya moto mmoja baada ya mwingine, siagi ikimtiririka kwenye kidevu, akacheka, akaomba radhi, akala tena. Na juu ya kichwa chake mnyororo ukaanza kuyumba. Hakukuwa na upepo. Uliyumba taratibu, hivi na hivi, kama susu la mtoto linalosukumwa na mguu wa mama.

"Ami, mlikuta nini kwetu?"

"Mawe tu, mwanangu."

"Na mnyororo je?" Kerimat aliweka mkate chini. "Baba alipokuwa anakata roho hakuulizia shamba wala ng'ombe. Alisema, mnyororo umebaki peke yake. Alirudia hivyo mpaka akanyamaza. Nilidhani labda..."

Bibi Japarhan alikuwa ameinamisha kichwa. Nurjan alikuwa anamlaza mtoto. Makhti alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, laini kabisa, "Walibeba vyote. Hata wetu huu tuliupata kwa bahati."

"Basi afadhali wenu upo." Msichana aliuinulia macho, akatabasamu. "Naweza kuushika? Kidogo tu."

Akanyosha mkono.

"Utaungua!" Makhti alipiga kelele.

Kerimat aliurudisha mkono, akacheka kwa aibu. Nurjan, aliyekuwa amepiga magoti kando ya susu, aligeuka akamtazama mumewe. Alimtazama tu, kwa muda mrefu.

Msichana aliondoka kabla jua halijazama, ili awahi lori la mjini. Alichukua kiganja cha udongo kutoka uani kwao, akaufunga kwenye leso. Alipopotea kwenye kona ya mwamba, mnyororo ulijivuta juu kwa nguvu ukaachia, sufuria ikapinduka, maziwa yakamwagika, moto ukazimika mara moja kama uliofunikwa na mkono. Na kutoka ndani ya bomba la moshi ikaja sauti ndefu ya mwanamke anayeita, ile sauti ya jioni ya kuita wanaochelewa kurudi, ikipanda, ikipanda, mpaka ng'ombe waliokuwa nje wakaitikia.

"Kwa nini ulimwambia ataungua?" Nurjan aliuliza gizani.

Makhti aliokota sufuria.

*

Tangu hapo yule Bibi wa Nyumba hakuwa tena na furaha ya mtu aliyerudiwa na watu wake.

Makhti alipokuwa akipasua kuni, sauti kavu, nzito, kama ya mtu ambaye hajazungumza miaka, ilimwambia karibu na sikio, "Hamzat." Aligeuka. Hakuna mtu. "Hamzat, mtoto umempeleka wapi?" Alipolala chali akitazama dari, ilisema kutoka kwenye jiwe la meko, "Umechelewa sana kurudi, Hamzat. Nimelinda." Nurjan naye alisikia, na siku moja aliuliza waziwazi, "Kwa nini anakuita jina la maiti?" Makhti alisema hajui. Alikuwa amezoea kusema hajui, na kila alipolisema neno hilo chumba kilizidi kuwa baridi, mpaka pumzi zao zikawa zinaonekana mchana kweupe wakiwa wamekaa mbele ya moto.

Kisha ukaja ukungu mzito, ule unaoshuka milimani ukakaa siku nzima, mtu asiweze kuona hata mkono wake. Nurjan alikuwa amekwenda kuteka maji, Bibi Japarhan amesinzia, na Makhti alikuwa zizini alipomsikia Asiyat akilia, halafu kilio kikazibika katikati, kama kilichotiwa kitu. Alitoka mbio, akajigonga kwenye ukuta, akapapasa njia mpaka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi na ukungu ulikuwa umeingia ndani pia, mweupe, mzito, umejaa chumba mpaka kiunoni, na katika ukungu ule mbele ya meko palikuwa na mtu amechuchumaa amempa mgongo, mtu mfupi, mpana, mwenye nywele za kijivu zilizofika chini na kutandaa sakafuni zikichanganyika na majivu hata hukuweza kusema nywele zinaishia wapi na majivu yanaanzia wapi, naye alikuwa amempakata mtoto kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili, virefu, vyeusi kwa masizi, alikuwa anachota majivu mekoni, anayapuliza yapoe, phuuu, phuuu, kwa upole kabisa, halafu anayatia kinywani mwa mtoto.

"Kula, Lokman," ilisema ile sauti. "Kula, mwanangu. Hakuna kingine. Kula."

Lokman alikuwa mtoto wa mwisho wa Hamzat.

"Bismillahi!" Makhti alipaza sauti, na yule kiumbe akageuka. Uso haukuwepo. Palikuwa na kitu kama jiwe la meko, jeusi, lenye nyufa, na mahali penye macho palikuwa pameloa, palikuwa panachuruzika maji meusi polepole. Hakumkasirikia. Alimnyoshea mtoto kama mjakazi mwaminifu anavyomkabidhi bwana wake, akasema, "Hamzat, amekonda. Ulimpeleka wapi akakonda hivi?"

Alipofumbua macho ukungu ulikuwa ukungu tu. Asiyat alikuwa mikononi mwake, uso wa buluu, akikohoa. Alimtia kidole kinywani akatoa majivu, akatoa tena, akatoa tena.

*

Efendi Shakman alikuwa shehe wa siri. Kwenye makaratasi alikuwa mlinzi wa farasi wa shamba la ushirika, kwa kuwa serikali haikupenda wasomaji wa Kurani. Alikuja akijifanya amekuja kumtazama farasi anayechechemea, akavua viatu, akaketi mbele ya meko, akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, akarudia, akamalizia na dua.

Alipofika mwisho, kutoka nyuma ya bomba la moshi kitu kikaitikia.

"Amin."

Nurjan alimkumbatia mtoto. Efendi alibaki na mikono hewani, jasho likimtoka kwenye ile baridi.

"Hamzat ameleta mgeni," iliendelea sauti, kama inayonung'unika peke yake jikoni, "wala hajaniambia nipike nini."

Efendi alishusha mikono. Alimgeukia Makhti.

"Jini anayeitikia amin, mimi simfukuzi. Huyu hakuja kumdhuru mtu. Huyu yuko kazini kwake. Ila nyumba si yenyewe. Sasa wewe niambie, ametoka nyumba gani?"

Makhti alitazama chini. Alisikia moto, alisikia mtoto akipumua kwa shida, kifua kikikwaruza.

"Ya Hamzat," alisema hatimaye. "Mnyororo ni wa Hamzat. Niliutoa kwake. Mama, nilikudanganya. Na binti yake alipoulizia, nilimwambia..."

"Tulikusikia ulivyomwambia," alisema Nurjan.

"Mama, nisamehe. Ulidhani ni wetu, ukafurahi, nami nikashindwa..."

"Nyamaza," alisema Bibi Japarhan. Macho yake meupe yalikuwa yametazama motoni. "Sikudhani. Wetu pete ya tatu ilikuwa imeungwa, baba yako aliiunga mwenyewe, kovu lake nalijua kuliko uso wako. Nilijua huu si wetu kabla sijafika kwenye kulabu. Nilinyamaza. Nilitaka mnyororo. Yule mtoto alikula mkate hapa, nikasikia anauomba, na mimi niliyemnyonyesha baba yake nikainamisha kichwa kama sikusikia."

Kisha efendi akavaa kofia yake.

"Mtafute binti. Aushike yeye, aurudishe yeye. Wewe ukiurudisha peke yako atakufuata tena mpaka hapa, maana anakudhani wewe ndiye Hamzat. Na fanya haraka. Mtoto wako hana kifua cha kungoja."

*

Alimkuta mjini juu ya jukwaa la ujenzi, anapiga lipu ghorofa ya pili. Makhti alisimama chini na kofia mkononi. Wanawake wengine walimtania.

"Kerimat! Mchumba wako mzee huyo amekuja!"

"Si mchumba, ni mwanaume analia! Shuka umwone!"

Kerimat alishuka akicheka, chokaa mpaka kwenye nyusi. Alipouona uso wake, kicheko kikaisha.

"Bibi amefariki?"

"Hapana." Makhti aliikunja kofia. "Mnyororo wenu uko kwangu."

Msichana hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Ule niliokaa chini yake?"

"Ule."

"Nikaomba kuushika."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nitaungua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama. Makhti alimweleza yaliyobaki: sauti, majivu, mtoto. Hakujitetea, na kila sentensi ilikuwa kama anavua nguo mbele ya watu.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza Kerimat.

"Asiyat. Lakini yeye anamwita Lokman."

Msichana akavua aproni.

"Kwa ajili ya mtoto nitakuja. Njiani usizungumze na mimi."

Hawakuzungumza. Walipofika Tashlikol theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, nene, bila upepo, adhuhuri imekuwa kama magharibi. Kerimat aliingia kwa Makhti, akawapita wote, akasimama mbele ya meko, akaushika mnyororo kwa mikono miwili.

"Una joto," alisema kwa mshangao. "Una joto kama mtu."

Barafu ya kwenye kulabu ikayeyuka, ikadondoka motoni matone matatu. Aliuchomoa, akauzungushia ndani ya koti lake, akatoka nao. Makhti alimfuata na kuni. Ngazi ya chini, ndani ya kuta nne zisizo na paa, alimsimikia boriti, naye Kerimat akautundika. Akawasha moto. Theluji ilikuwa inaangukia mekoni moja kwa moja kutoka mbinguni, lakini moto haukulalamika, ulipanda juu wima.

Kisha harufu ile ikaja, majivu yaliyoloa na sufu kuukuu, na kwenye pembe ya giza nyuma ya meko kitu kikachuchumaa.

"Bibi," alisema Kerimat. "Bibi, ni mimi mtoto wa nyumba hii. Nimekuja kukwambia, kwa sababu hakuna aliyekwambia. Lokman alikufa ndani ya behewa, njiani, siku ya tano. Mama alimlaza kwenye theluji kando ya reli, askari hawakumruhusu kuchimba. Baba alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Alikutaja. Mama akamfuata. Hawaji, bibi. Usiwangoje tena. Nimebaki mimi."

Kwa muda hapakuwa na kitu ila theluji. Kisha ukaanza mlio, mdogo kwanza, kama masizi yanayoporomoka ndani ya bomba, ukakua, ukaingia ndani ya mawe yenyewe ya ukuta, yale mawe yaliyokuwa yamengoja miaka kumi na mitatu bila moshi, ukatoka nyumba hadi nyumba katika magofu yote ya kijiji, juu na chini, kana kwamba kila meko lililopoa lilikuwa na mtu wake pembeni aliyesikia habari ile na sasa ameelewa kwa nini hakuna aliyerudi, na Makhti alijiziba masikio akaona haisaidii, kwa kuwa mlio ulikuwa unapitia miguuni.

Ulipokoma, ile sauti kavu ikauliza:

"Na huyu aliyenibeba ni nani?"

Kerimat aligeuka akamtazama Makhti. Angeweza kusema lolote.

"Huyu ni Makhti," alisema. "Ndugu yake baba."

"Ndugu," sauti ilirudia.

Moto uliinama ukamkimbia Makhti, ukalala upande wa pili kama nyasi. Baridi ilimkamata mkono wa kulia, ule uliouchomoa mnyororo, ikapanda mpaka begani. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akauvuka mlango, na alipokuwa nje kabisa moto ukasimama tena.

*

Asiyat alipona. Kabla theluji haijakoma kifua kilifunguka, akanyonya, akalala. Kwa Makhti hapakusikika tena mpulizo wala jina la mtu, na chakula kilipikwa juu ya mafiga matatu ya mawe, na Bibi Japarhan hakuuliza tena habari ya mnyororo mpaka alipozikwa.

Kerimat hakurudi mjini. Kiangazi Makhti alimjengea paa. Alikwea msituni, akakata boriti, akaziburuta kwa ng'ombe, akazipandisha, akalaza fito na udongo, peke yake, bila kuingia ndani. Kazi za ndani walifanya wengine. Paa lilipokwisha, msichana alichinja kondoo akaita watu wote waliokuwa wamerudi kijijini. Walijaa ndani, wazee mahali pa heshima, wanawake upande wao, vicheko vikitoka mpaka njiani. Makhti alikaa nje, mgongo ukutani.

"Makhti!" waliita wazee. "Mjenzi gani anakaa nje ya nyumba aliyoijenga? Maringo hayo!"

"Ingia bwana, nyama inapoa!"

Waliita mpaka ikawa aibu kukataa. Alisimama, akavua kofia, akaweka mguu mmoja ndani ya kizingiti.

Moto ulinywea ukawa mwembamba kama uzi. Mchuzi uliacha kutokota. Mazungumzo yalikufa, na katika ukimya ule kila mtu alisikia mtu nyuma ya meko akiuvuta mnyororo juu, pete kwa pete, klik, klik, klik, taratibu, bila haraka, kama mama mwenye nyumba anayeondoa kitu mahali ambapo mkono fulani unaweza kukifikia.

Makhti aliurudisha mguu nje. Mnyororo ukashuka. Mchuzi ukaanza kutokota.

Hakuna mzee aliyemwita tena. Baadaye Kerimat alitoka na bakuli, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima, akakaa naye kwenye jiwe.

"Kula, ami."

Alikuwa hajamwita hivyo tangu siku ile ya jukwaani. Makhti aliliweka bakuli magotini.

"Mimi nimeshakusamehe," alisema Kerimat. "Nilikusamehe ulipopandisha boriti ile kubwa. Yeye bado."

"Atasamehe lini?"

Msichana alitazama moshi unaotoka kwenye paa jipya.

"Sijui, ami. Nimemuuliza mara nyingi. Ukiuliza hilo, hajibu."